Jioni ya Kufunga Milango

Jumatatu, 3 Juni

Chai bila sukari. Goti la kushoto linauma, la kulia limenyamaza. Nimesoma kurasa chache kabla jua halijawa kali, kisha nimeshuka ufukweni kama kila siku. Ndagala, dagaa wetu, ni wengi. Usiku wa giza umewafaa wavuvi. Wanawake wa chama wameanika mpaka karibu na njia ya pikipiki.

Apendeki hakuwapo. Ni binti wa marehemu kaka yangu. Anaishi kwangu, au mimi naishi kwake, siku hizi sijui tena. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha waanika ndagala. Nimemkuta nyumbani, ameketi sakafuni, simu mapajani, moto haujawashwa. Nikadhani kuna msiba ng'ambo ya ziwa.

Hapana. Fedha ya chama imeibwa. Yote.

Nimeuliza nani aliingia. Hakuna aliyeingia.

Jumanne, 4 Juni

Niandike ili nielewe.

Hapa mjini Baraka fedha ikikaa nyumbani, hukimbia pamoja nasi au hubaki na waliobaki. Ikipita kwa mawakala, humegwa njiani. Kwa hiyo Apendeki alijifunza kutoka kwa binamu zake walio ughaibuni kuiweka kama dola za kidijitali, ndani ya simu. Kisha akaiweka katika aina ya sanduku lisilo na mlinzi. Badala ya mlinzi kuna mkataba, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta, unaofunga na kufungua wenyewe. Hauhongwi. Haulali. Haukimbii vita. Hilo la mwisho lilinipendeza sana.

Sasa mtu fulani, hajulikani yuko nchi gani, amegundua kosa katika maandishi ya mkataba. Hakuvunja kitu. Aliuomba kwa namna fulani, na mkataba ukampa kila kilichokuwa ndani: cha watu wa dunia nzima, na chetu humo humo. Ulitii tu. Ndiyo shida ya mlinzi asiyejua nyuso.

Tulikuwa tunatafuta injini ya mtumbwi. Ya zamani ilipotea safari ile ya mwisho tulipokimbia mji. Tuliporudi, depo ya chama, yaani ghala letu, ilikuwa tupu. Hata mlango wake ulikuwa umekwenda. Tangu hapo tunaziba kwa mkeka.

Nina huzuni. Pia nina hasira, ila sijui niielekeze wapi.

Jumatano, 5 Juni

Habari imeshuka ufukweni kabla yetu. Apendeki alikwenda kuwaeleza wanawake na kuwaonyesha simu. Ikawa vibaya zaidi.

"Feza inaibiwa na mulango haivunjike? Banatuona batoto!"

Huyo ni Mama Bitisho. Ana sauti ya kuita mitumbwi iliyo katikati ya ziwa. Wengine walicheka. Apendeki amerudi, amelala mchana.

Jirani ametuletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, ameweka mlangoni, ameondoka bila kuuliza. Mungu ambariki. Leo hicho ndicho kitu chema.

Ijumaa, 7 Juni

Baba Etongwe, prezida wa chama, amekuja nyumbani na wanaume wawili. Amevua kofia. Amekataa kiti. Kikao kitakuwa Jumapili baada ya ibada. Kama Apendeki hataonyesha fedha, atatoka katika chama, na baada ya hapo, amesema, "hatutaweza kuzuia batu."

Sentensi hiyo naijua. Nimeisikia mahali pengine, na watu wengine, kwa adabu ile ile. Baadaye nyumba huwaka.

Nimeogopa. 

Jumamosi, 8 Juni

Apendeki amefunga mzigo. Pikipiki mpaka Kazimia, boti mpaka ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi.

"Nitavuka, shangazi. Kule banatujua."

Kambini ndiko nilikozeekea. Nilifundisha watoto kusoma chini ya turubai, nikasoma kila kitabu kilichofika, hata vya dawa za mifugo. Naishukuru ile kambi. Ilinilisha. Lakini nilikwenda huko bila hatia, na hata hivyo kila asubuhi nilijiuliza nilichokosa. Mtu akikimbia akiwa na shutuma, shutuma hubaki nyuma na kujenga nyumba. Hatarudi tena. Namjua. Ana kiburi cha baba yake.

Nimemwomba angoje Jumapili. Amekubali kwa shida.

Jioni amenisomea tangazo la wenye ule mkataba. Wanamsihi mwizi. Arudishe kabla ya Ijumaa ijayo. Abaki na sehemu yake kama zawadi. Hawatamuuliza jina, hawatampeleka mahakamani.

Nimecheka mpaka machozi. Apendeki alidhani nimechanganyikiwa.

Ni mambo ya baba yangu yale! Nilikuwa mtoto, kijijini Lubondja. Watu walikuwa wametoka porini baada ya fujo, na kila nyumba ilikosa kitu: jembe hapa, chungu kule. Wazee hawakupekua nyumba. Walimtuma mpiga mbiu. Jioni moja kila mlango ulifungwa, kila dirisha, na aliyekuwa na kitu kisicho chake alikirudisha njiani bila kuonwa. Asubuhi njia ilijaa. Hakuna aliyeuliza. Tulisalimiana, tukalima.

Zamani sana. Wengi wa watu wale nimewazika, wengine sijui walikozikwa.

Jumapili, 9 Juni

Kikao kimefanyika mchangani, mbele ya depo, hatua chache kutoka kwangu. Baba Etongwe amemsimamisha Apendeki. Ameeleza tena, taratibu, vizuri kuliko ningeweza mimi.

"Ule mwizi iko na jina?" mtu ameuliza.

"Hatumujui."

"Sura?"

"Hatumujui."

"Basi! Ni weye peke tunakujua!"

Wakacheka. Kicheko kibaya, kile cha watu wanaosogea karibu.

Nimesimama. Wameniachia niseme, kwa kuwa wengi wao au watoto wao niliwafundisha herufi. Nimewasomea tangazo la wale wageni kwa Kiswahili. Nimesema: tazameni, watu wenye polisi na mashine zote wamefika mwisho wa akili yao, wameshika njia ya babu zetu. Sisi tuliozaliwa nayo tunangoja nini? Tufunge milango.

Mama Bitisho amekuwa wa kwanza:

"Mwalimu, mwizi iko Amerika ao Chine. Atasikia kengele ya Asukulu?"

Hapo wamecheka vizuri. Mzee Asukulu, mpiga mbiu, hakucheka.

"Kengele yangu ilisikiwa mpaka milimani, weye haujazaliwa."

Baba Etongwe amemtazama Apendeki muda mrefu, kisha amekubali upesi. Itakuwa Jumanne. Mitumbwi itachelewa kutoka. Nimeelewa kwa nini amekubali. Anaamini ni Apendeki atakayetoka gizani na fedha mkononi. Nimeelewa, nikanyamaza. Nilitaka siku mbili tu, hasira ipoe.

Jumatatu, 10 Juni

Apendeki hakusema nami asubuhi. Amesema mchana.

"Milango itafungwa juu yangu, shangazi. Na weye ndiye ulileta ile maneno. Unazania nitaenda kuweka nini pale? Moyo yangu?"

Nimempatia siku mbili kwa kukubali adhaniwe mwizi. Sikuliona hivyo nilipokuwa nimesimama. Sasa naliona.

Jumanne, 11 Juni

Ameondoka asubuhi. Pikipiki mpaka Kazimia. Ameniachia maji mapipa mawili yamejaa, na kuni zimepasuliwa ndogo ndogo, zinazowezwa na mikono yangu. Hiyo ndiyo hasira yake. Nimelia nikizitazama.

Jioni Mzee Asukulu amepita. Nilikuwa nimesahau maneno yenyewe:

"Wakaaji! Jua ikizama, funga mulango, funga dirisha, funga macho. Kile hakiko chako kirudie fasi yake. Hakuna anaona. Hakuna anauliza."

Nimefunga. Nimeketi kitandani. Mji mzima ulikuwa kimya; hata pikipiki zimenyamaza. Niliwaza jinsi tulivyo wajinga: tunamfungia milango mtu aliye upande mwingine wa dunia, na yule wanayemdhania amekwisha kwenda.

Kisha miguu. Mtu mmoja, taratibu. Ametua kitu, ameondoka mbio.

Kisha wengine. Kitu kimeburutwa. Chuma kimegonga jiwe. Wawili wamekutana, nadhani, maana nimesikia miguu ikisimama ghafla, kisha kila mmoja ameendelea na njia yake. Mtu amekohoa na kujaribu kukimeza kikohozi. Kikohozi hicho nakijua. Sitakiandika ni cha nani, hata hapa.

Jumatano, 12 Juni

Tumefungua milango jua likitoka. Sijui nilitegemea nini. Labda mchanga mtupu.

Ukutani mwa depo: mizani ya chama, na mawe yake yote. Viti vya plastiki, alama yetu imekwanguliwa kwa kisu. Maturubai ya kuanikia, yamefuliwa, yamekunjwa vizuri kama nguo za ubatizo. Nyavu. Kifuniko cha injini, kimepakwa rangi nyingine. Na injini yenyewe, ndani ya gunia, ikiwa na udongo wa shamba. Ilikuwa imefukiwa.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegusa kitu kwa muda mrefu. Mama Bitisho ameketi chini palepale, mikono kichwani.

"Lakini tuliita feza," amesema. Polepole. Sikujua anaweza kusema polepole.

Mzee Asukulu amemjibu bila kumtazama: "Mbiu haitaje kitu, mama. Ukitaja mbuzi, kila mutu atatazama ule alikula nyama."

Ni kweli. Hilo ndilo nililolisahau miaka hii yote. Mbiu haitaji kitu, kwa hiyo huita vyote. Sisi tulikuwa tunamwita mgeni mmoja, wakasikia majirani.

Tulipokimbia safari ile, kila mtu alibeba alichoweza. Waliobaki walichukua vya waliokimbia. Waliotangulia kurudi walichukua vya waliochelewa. Tulijua wote. Tumekuwa tukisalimiana kila asubuhi juu ya vitu hivi, tukiulizana habari za watoto.

Nina furaha inayouma kifuani. Apendeki hayupo kuiona. Simu yake imezimwa.

Alhamisi, 13 Juni

Jana jioni Mzee Asukulu alipita tena na kengele, bila kutumwa na mtu. Watu walifunga bila kuuliza.

Leo asubuhi: sufuria kubwa ya sherehe, mabati matatu, na mlango wa depo. Mlango wenyewe! Umesimamishwa dhidi ya ukuta, bawaba zake zimepakwa mafuta. Hapo watu wamecheka mpaka wengine wamekaa chini. Mtu amebisha hodi juu yake. Mwingine ameitika "karibu." Ni muda mrefu sijasikia ufukwe ukicheka hivyo.

Nimempigia Apendeki tena. Imezimwa.

Mchana Baba Etongwe amekuja, peke yake. Kofia mkononi. Safari hii amekubali kiti. Ameketi, ametazama kuni zangu, amengoja nimpikie chai na ameimaliza.

"Mutoto iko wapi, mwalimu?"

Nimemwambia. Kazimia, kama hajavuka.

Hakumtuma mtu. Amepanda pikipiki mwenyewe, mzee yule, na mgongo wake mbovu, na barabara ile. Sijawahi kumpenda sana. Nimemwombea njia nzima.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna habari. Siku ya mwisho waliyompa mwizi ni leo. Nimewaza habari yake, huko aliko. Labda ni kijana mwenye akili nyingi asiye na wa kumsalimu asubuhi. Sisi tulirudisha kwa sababu tutaonana kesho kisimani na kesho kutwa kanisani. Yeye ataonana na nani?

Sikula. Nimepanga upya vitabu vyangu vichache, kisha nimevirudisha vilivyokuwa.

Kama amevuka, sitamwona tena katika maisha haya. Ndivyo ilivyo. Najua hesabu ya umri wangu.

Jumamosi, 15 Juni

Wamerudi. Asante, Mungu wangu. Asante.

Alikuwa amekwisha panda boti. Ilikuwa haijaondoka kwa kuwa mwenye boti aligoma kung'oa nanga mpaka magunia ya mahindi yajae. Nimshukuru mtu yule na tamaa yake. Baba Etongwe ameingia majini na suruali yake ya kanisani, maji mpaka kiunoni, ameshika ukingo wa boti. Apendeki alidhani amekuja kumkamata. Abiria wote waligeuka kusikiliza.

"Rudi nyumbani, mutoto," amemwambia. "Kule tumebaki wezi watupu. Nani atachunga feza?"

Boti nzima ilicheka. Apendeki anasema yeye hakucheka mara moja. Alimtazama kwanza. Mzee alikuwa analia.

Nilitaka kumwomba msamaha kwa yale ya Jumapili. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumanne, maneno mazuri, ya kitabu. Ameingia, ameweka mzigo chini, amenitazama usoni.

"Shangazi, hukukula."

Amewasha moto. Maneno yangu hayakuhitajika. Nimeyasema hivyo hivyo, vibaya, nikiwa na kitunguu mkononi. Ameitikia kwa kichwa bila kugeuka. Kisha, baada ya muda: "Ile siku uliniuzisha, shangazi. Lakini bei haikukuwa mubaya." Nimestahili hilo.

Jioni amewasha simu na kunisomea. Mwizi hakurudisha kitu. Wenye mkataba wanasema wataendelea kungoja. Watasaidiwa na wataalamu.

Masikini. Wao hawakuwa na Asukulu.

Jumapili, 16 Juni

Kikao kifupi. Hakuna aliyepandisha sauti. Nadhani hakuna aliyeweza. Baba Etongwe amesema fedha imekwenda, tumeibiwa pamoja na watu wengi wa dunia ambao hawatujui, na hakuna mtu wa hapa atakayeulizwa tena juu yake. Apendeki abaki mweka hazina. Amesema hivyo akimtazama yeye, si sisi. Mikono yote imeinuliwa. Wa Mama Bitisho ulikuwa wa kwanza, na uliinuliwa juu kuliko yote.

Apendeki amesimama. Nilidhani atakataa. Amesema atakubali kwa sharti moja: akiba mpya ikae katika sanduku la mbao, ndani ya depo yenye mlango, ikilindwa na watu wanaojuana sura. Wamepiga makofi.

"Na tukikimbia?" mtu ameuliza kutoka nyuma.

Swali lile hatulikwepi hapa. Milima inayotushushia vita iko palepale.

"Tukikimbia," amesema Mzee Asukulu, "tutarudi. Na nitapiga kengele."

Injini wameijaribu baada ya kikao. Imekohoa, imetoa moshi mweusi, imezimika. Fundi anasema inataka vipuri, labda itapona, labda hapana. Wanaume wameizunguka mpaka giza, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna aliyeuliza ilikuwa imelala shamba la nani.

Jumatano, 19 Juni

Mwezi unakaribia kujaa, ndagala wamepungua. Upepo wa kiangazi. Nimevaa sweta.

Nimechelewa kushuka, nimekaa kwanza mlangoni. Nilikuwa nawaza Lubondja, mihogo ya mama yangu, njia iliyojaa majembe na vyungu asubuhi ile. Sitarudi huko, nadhani. Kwa mara ya kwanza wazo hilo limepita bila kunikata.

Apendeki amechelewa kugeuza ndagala wake. Ameshinda anapiga soga na msichana wa nyavu. Nimewasikia wanawake kabla sijawaona.

"Apendeki! Unangoja bageuke benyewe?"

"Muache, iko mweka hazina, mikono yake ni ya kuhesabu!"

"Apendeki, weye! Jua itakusubiri?"

Mama Bitisho ndiye aliyeita kwa sauti zaidi. Apendeki amemrudishia tusi dogo, la kawaida, amekimbia na ungo kichwani, kanga inaburuta mchangani.

Wanamgombeza kama mtu wa nyumbani. Nimeketi juu ya jiwe nisikilize mpaka wamalize.